Unga wanapewa, kuni je?

Tarehe 28 Julai 2022 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipiga kura na kutambua kuwa kuishi katika mazingira safi na salama ni haki ya kila binadamu. Nchi 161 ziliunga mkono, hakuna hata moja iliyopinga. Miezi michache baadaye vita vya waasi wa M23 vikapamba moto Rutshuru, mashariki mwa Congo, na watu kwa maelfu wakamiminika Kanyaruchinya, nje kidogo ya Goma. Wakajenga vibanda vya miti na maturubai juu ya mawe ya volkano, jirani kabisa na Hifadhi ya Taifa ya Virunga.

Waligawiwa unga, maharagwe, mafuta na chumvi. Kidogo, tena kwa kuchelewa, lakini waligawiwa. Sasa maharagwe makavu yanataka moto wa saa mbili, tatu, na kuni hazikuwamo kwenye mgao. Anayezitafuta ni mama au binti yake. Alfajiri anashika panga na kamba, anaelekea msituni. Akirudi, mzigo uko mgongoni, umeshikiliwa na mshipi uliopita kwenye paji la uso.

Akirudi. Maana msituni ndiko walikokuwa wenye bunduki. Mwezi Aprili 2023, kwa wiki mbili tu, shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilihudumia zaidi ya wanawake 670 waliobakwa katika kambi za kuzunguka Goma. Wengi walisimulia jambo lilelile: walishambuliwa walipotoka kutafuta kuni au chakula. Walijua hatari iliyoko huko na bado walikwenda, kwa sababu watoto hawali unga mbichi.

Kinachoniudhi ni kwamba kila sehemu ya habari hii ina ofisi yake. Miti iliyokatwa inahesabiwa na watu wa mazingira. Waasi wanahesabiwa na watu wa usalama, na waliobakwa wanahesabiwa na watu wa haki za binadamu. Kila ofisi ina ripoti yake, mkutano wake na wafadhili wake. Swali la watu hawa watapikia nini halikuwa mezani kwa yeyote kati yao kama kazi yake ya kwanza, ilhali ndilo lililobeba mengine yote.

Na haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, mamia ya maelfu ya wakimbizi walipiga kambi hapohapo Goma, Kibumba na Mugunga. Walipika kwa miti ya Virunga, na mwaka huohuo UNESCO ikaiingiza hifadhi hiyo kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Darfur nako, wanajeshi wa Umoja wa Afrika waliwahi kuwasindikiza wanawake kwenda kuokota kuni. Kwa hiyo dunia ilikuwa inajua.

Wapo watakaosema dawa ni ulinzi mkali wa hifadhi. Ninawaheshimu askari wa Virunga kwa dhati. Zaidi ya 200 wameuawa kazini, na tarehe 24 Aprili 2020 peke yake, karibu na Rumangabo, walikufa 12 kwa shambulio moja. Lakini tazama kinachowaua. Goma ni mji wa watu zaidi ya milioni moja, wengi wao wakipikia makala, yaani mkaa, na sehemu kubwa ya mkaa huo hutoka hifadhini. Kwa miaka mingi FDLR, waasi wa Kihutu wenye asili ya Rwanda, na makundi mengine wameutoza ushuru na kununulia risasi. Sokwe wa milimani waliouawa Julai 2007, picha zao zikazunguka dunia nzima, mauaji yao yalihusishwa na biashara hiyohiyo. Askari hata awe shujaa namna gani, hawezi kuyazima mamia ya maelfu ya majiko ya mjini.

Njia nyingine ipo, nayo imeanzia hifadhini kwenyewe. Kituo cha umeme wa maji cha Matebe, huko Rutshuru, kilianza kazi mwaka 2015 kikiwa na megawati 13 hivi, na umeme wake ukafika Goma. Hautoshi, na kuunganishiwa ni gharama kwa mtu wa kipato cha chini, lakini kila nyumba inayopikia umeme inawapunguzia wenye bunduki mteja mmoja. Ningependa wafadhili walipie waya huo kwa bidii ileile wanayolipia magari ya doria.

Januari 2025 serikali ya Congo ilitangaza ukanda wa kijani, yaani eneo la kuhifadhi misitu, kutoka Kivu hadi Kinshasa. Mwezi haukuisha, Goma ikaangukia mikononi mwa M23. Februari waliokuwa kambini wakaamriwa kuondoka, kambi zikabomolewa, watu wakarudi kwenye vijiji vilivyoporwa. Mazungumzo ya amani yakahamia Washington na Doha, na kama kawaida madini yakapewa kiti cha mbele.

Mimi nataka jambo dogo linalotekelezeka. Kambi yoyote itakayofunguliwa tena kandokando ya Virunga, lori linaloleta maharagwe lilete na nishati ya kuyapikia, iwe mkaa uliotengenezwa kwa takataka, gesi au majiko sanifu, na gharama yake iandikwe kwenye bajeti ya chakula, mstari mmoja na unga. Isiachwe kwa ofisi ya mazingira kuiombea fedha miezi sita baadaye.