Salonen, fimbo na kalamu: nani alimla mwenzake?

Machi 2024 Esa-Pekka Salonen, mtunzi na mwongozaji wa okestra kutoka Finland, alitangaza kwamba hataongeza mkataba wake kama mkurugenzi wa muziki wa San Francisco Symphony, okestra ya Marekani. Sababu aliitoa waziwazi: malengo yake kwa okestra hiyo si malengo ya bodi. Katika ulimwengu wa muziki wa klasiki wa Ulaya na Marekani kauli kavu namna hiyo ni nadra. Mkurugenzi wa muziki akiondoka huwa tunaambiwa muda umefika, anapewa maua na cheo cha heshima, na kila mtu anatabasamu kwenye picha. Mfini huyu, ambaye sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi ameipitisha nje ya nchi yake, aliamua kutosingizia chochote.

Tangazo hilo limefufua swali ambalo limemfuata tangu ujana. Salonen ni mtunzi aliyejikuta anaongoza okestra. Je, miaka yote hiyo ya kusimama na fimbo ya kuongozea mbele ya wapigaji wa Stockholm, Los Angeles, London na San Francisco imetunyima kazi zake, au ndiyo iliyozizaa?

Alizaliwa Helsinki mwaka 1958. Katika Chuo cha Sibelius, chuo cha muziki cha mji huo, alisoma honi, chombo cha shaba cha kupuliza, akajifunza utunzi kwa Einojuhani Rautavaara na uongozaji kwa Jorma Panula, mwalimu aliyelea waongozaji wengi wa Finland wanaotamba leo. Akiwa na wenzake Kaija Saariaho na Magnus Lindberg alikuwa katika Korvat auki, kikundi cha vijana waliotaka muziki mpya wa Ulaya usikike kwao. Kuongoza alianza kwa shida tu: muziki wao mgumu ulihitaji mtu wa kusimama mbele, na hakukuwa na mwingine aliyejitolea. Mwalimu wa kwaya wa parokia yoyote Tanzania anaelewa hali hiyo bila kuelezwa. Anatunga, anafundisha sauti nne, anaongoza Jumapili, na hakuna anayemuuliza kazi yake hasa ni ipi.

Kisha ikaja London, 1983. Mwongozaji Michael Tilson Thomas alishindwa kufika kuongoza Simfonia ya Tatu ya mtunzi Gustav Mahler na okestra ya Philharmonia, na Salonen, kijana wa miaka 25 ambaye hakuwahi kuiongoza kazi hiyo, aliitwa siku chache kabla. Simfonia hiyo huchukua zaidi ya saa moja na nusu, na inataka okestra kubwa, mwimbaji wa kike, kwaya ya wanawake na kwaya ya watoto. Alivuka salama. Toka siku hiyo simu haikunyamaza, na hapo ndipo wanaomlilia mtunzi wanapoanzia kesi yao.

Na kesi yao si dhaifu. Wachukue wale wenzake wawili. Saariaho alihamia Paris mwaka 1982, akaishi kwa kutunga hadi kifo chake mwaka 2023. Opera yake L'Amour de loin ilioneshwa Salzburg mwaka 2000, ikaendelea kuzunguka majumba makubwa ya dunia. Lindberg naye ameandika kazi za okestra moja baada ya nyingine. Salonen hana opera hadi leo, na miaka yake ya mwanzo Los Angeles, tangu alipoanza kazi mwaka 1992, ilikuwa ya ukame kwa upande wa kalamu. Msimu wa okestra haumsubiri mtu: mazoezi, ziara, kurekodi, chakula cha jioni na wafadhili. Mtunzi Mfaransa Pierre Boulez alipita humohumo miaka ya 1970, akiwa na okestra ya BBC London na New York Philharmonic kwa wakati mmoja, na utunzi wake ulipungua. Mahler, naye mwongozaji, alitunga majira ya joto pekee, kwa kuwa miezi mingine ilikuwa mali ya kazi ya kuongoza Vienna na baadaye New York, akafa mwaka 1911 akiwa na miaka 50.

Ukiisikiliza hoja hiyo peke yake utakubali mara moja. Mimi inanishinda ninapoisikiliza kazi yenyewe.

Kabla ya Los Angeles, Salonen aliandika kama kijana mtiifu wa usasa wa Ulaya: muziki wa kujificha, ulioogopa mdundo wa wazi na ulioogopa zaidi kupendeza. Mwenyewe ameeleza mara kadhaa kwamba umbali na Ulaya ulimvua makatazo hayo. California hakukuwa na mtu wa kumkunjia uso. LA Variations, iliyopigwa mara ya kwanza Januari 1997 na okestra yake mwenyewe, inasikika kama kazi ya mtu mwingine kabisa. Ni dakika kama ishirini za okestra iliyopewa ruhusa ya kung'ara. Na hakuwa anaandikia okestra ya kufikirika. Kila wiki aliwasikia walewale: alijua kikundi cha vyombo vya shaba kinaweza kubeba nini, na wapiga fidla wanachoka wapi. Kaa Helsinki na kalamu yako miaka mitano, maarifa hayo huyapati.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Wing on Wing ya mwaka 2004. Mwaka uliotangulia, Oktoba, okestra ilikuwa imehamia Walt Disney Concert Hall, jengo la msanifu Frank Gehry ambalo sauti ya ndani yake ilisanifiwa na Yasuhisa Toyota. Salonen aliandika kazi ya kulijaribu jengo lenyewe. Waimbaji wawili wa soprano wanazunguka sehemu mbalimbali za ukumbi, sauti zao zikikufikia kutoka pande usizotarajia. Katikati yake imo sauti ya Gehry iliyorekodiwa akizungumza, ikachakatwa kwa kompyuta hadi ikawa chombo cha muziki. Imo pia sauti ya samaki wa pwani ya California ambaye hunguruma majini. Wapo waliocheka. Lakini kazi ya namna hiyo anaweza kuiandika mtu mmoja tu: yule ambaye ukumbi ni ofisi yake.

Hata hivyo, upande huu nao una tundu lake. Kazi hizo hazikuja kwa sababu alikuwa anaongoza. Zilikuja pale alipoacha kuongoza kwa muda. Mwaka 2000 alichukua likizo ya mwaka mzima ili atunge, na okestra ikamkubalia. Tangu hapo wiki za kutunga zikawa sehemu ya hesabu ya maisha yake. Konseto ya piano, yaani kazi ya piano ikipigwa pamoja na okestra, aliyomwandikia Yefim Bronfman ilitoka 2007. Konseto ya fidla aliyomwandikia Leila Josefowicz ilipigwa Aprili 2009, siku chache kabla hajaiaga Los Angeles baada ya misimu 17, na mwaka 2012 ikampa tuzo ya utunzi ya Grawemeyer. Ndani yake kuna sehemu ambapo seti ya ngoma, ile ya bendi za roki, inaingia na fidla inabidi ipigane nayo kwa nguvu zote. Miaka miwili baada ya tuzo, sehemu ya konseto hiyo ikasikika katika tangazo la Apple, na ni watunzi wachache walio hai waliowahi kupata wasikilizaji kwa njia hiyo.

Kwa hiyo mimi naona swali la fimbo na kalamu linaulizwa vibaya. La kuuliza ni nani anashika kalenda. Los Angeles ilikuwa na mameneja waliojua kwamba wamemwajiri mtunzi, kwanza Ernest Fleischmann, kisha Deborah Borda kuanzia 2000. Fleischmann hakuwa malaika: mwaka 1989 alimwahidi Salonen ziara ya Japani bila kumshauri André Previn, mkurugenzi wa wakati huo, na Previn akajiuzulu kwa hasira. Previn naye alikuwa mtunzi. Bahati ya mmoja ilijengwa juu ya udhalilishaji wa mwingine, na wanaoisifia Los Angeles huliruka jambo hilo haraka.

San Francisco, alikoanza 2020 katikati ya korona, kalenda ilishikwa na watu wa hesabu. Bodi ilisema ina nakisi, ikapunguza ziara na miradi mipya. Hapa nitaitetea kidogo, maana wengi wanaitukana tu. Okestra za Marekani hazilishwi na serikali kama za Finland. Zinaishi kwa tiketi, akiba iliyowekezwa na mifuko ya matajiri, na baada ya korona wasikilizaji hawakurudi viti vikajaa siku moja. Anayetia saini mishahara ana haki ya kuuliza fedha zitatoka wapi. Alichokosa ni jibu la swali la pili: ukishamwajiri Salonen kwa ajili ya mambo mapya, halafu ukakata mambo mapya, umemwajiria nini?

Kuna jambo katika kisa hiki linalohusu ugeni moja kwa moja, na silioni likisemwa sana. Mgeni mwenye jina anaweza kuondoka. Wapigaji wa San Francisco, wenye nyumba za mkopo na watoto shuleni, hawawezi. Septemba 2024 wanakwaya wa okestra hiyo waligoma kwa ajili ya malipo yao, na Requiem ya Verdi, misa ya wafu iliyokuwa imepangwa, ikafutwa. Juni 2025 Salonen aliongoza maonesho yake ya mwisho pale, Simfonia ya Pili ya Mahler, akaenda zake akishangiliwa. Msimamo wake naupenda. Lakini ujasiri wa mtu anayengojewa kila mji si wa bei moja na ujasiri wa mwimbaji wa safu ya nyuma anayesimama mlangoni na bango.

Na kweli alikuwa anangojewa. Miezi michache baadaye zilitangazwa kazi zake zijazo: Los Angeles inamrudisha kama mkurugenzi wa ubunifu kuanzia msimu wa 2026, na Orchestre de Paris itakuwa naye kama mwongozaji mkuu kuanzia 2027. Vyeo vyote viwili havina lile neno la kuogopesha, mkurugenzi wa muziki, lenye vikao vya bajeti na usaili wa wapigaji. Katikati ya hayo, Agosti 2025 huko Lucerne, Stefan Dohr alipiga konseto yake mpya ya honi, chombo ambacho Salonen mwenyewe alikisomea chuoni. Wakati huo alikuwa na miaka 67. Wanaotaka opera wasiangalie idadi ya maonesho atakayoongoza Paris. Waangalie ni miezi mingapi kwa mwaka mikataba hiyo inamwacha bila kumwita popote.