Kongamano la matumbawe: lifanyike wapi, na lini?

Kongamano la kwanza la kimataifa la miamba ya matumbawe lilifanyika Mandapam, India, mwaka 1969. La pili, mwaka 1973, lilifanyika baharini: wanasayansi walipanda meli ya Marco Polo na kusikiliza mada huku wakipita kando ya Great Barrier Reef, mwamba mkubwa wa matumbawe wa Australia. Baadaye zikaja zamu za Manila, Tahiti, Guam, Panama, Bali na Okinawa, mahali ambapo mshiriki akitoka ukumbini anaweza kuvaa miwani ya kuzamia akajionee mwenyewe kinachozungumzwa. Kisha ikafika zamu ya Bremen, Ujerumani. Lilipangwa mwaka 2020, korona ikaliahirisha, likafanyika mtandaoni mwaka 2021, na mwaka 2022 watu wakakutana Bremen ana kwa ana. Mji huo una wanasayansi mahiri wa bahari. Matumbawe ya maji ya joto hauna.

Kwa hiyo anayeandaa kongamano la aina hii leo amekwisha kuona njia zote mbili, ya mtandaoni na ya ana kwa ana, zikijaribiwa, na hawezi kukwepa swali: kuna haja gani ya kuwapandisha watu 2,000 ndege kwenda kujadili kiumbe anayeuawa na joto?

Wanaopinga safari wana hoja ya kweli. Maji yakizidi joto, tumbawe hufukuza mwani mdogo unaoishi ndani yake na kulilisha. Likibaki jeupe kwa wiki nyingi, hufa. Mwaka 2018 IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi, lilikadiria kwamba ongezeko la nyuzi 1.5 la joto la dunia litapunguza matumbawe kwa asilimia 70 hadi 90, na la nyuzi 2 kwa zaidi ya asilimia 99. Aprili 2024 ikathibitishwa kwamba dunia imo katika wimbi la nne la upaukaji, yaani huko kugeuka meupe kwa matumbawe. Safari ya ndege kutoka Ulaya hadi Australia na kurudi hutoa zaidi ya tani 2 za hewa ukaa kwa kila abiria. Zidisha kwa idadi ya wageni wa mbali, utapata maelfu ya tani kwa wiki moja ya mazungumzo.

Lakini kongamano hili huja takriban kila baada ya miaka minne, na likifutwa kabisa kipimajoto cha bahari hakitatambua. Uzito wa hoja hii uko kwenye heshima. Ni vigumu kumwambia waziri afunge mtambo wa makaa ya mawe huku umeshika tiketi ya safari ya mabara matatu. Heshima ni mtaji, sikatai, ila inafaa tujue kwamba hapo tunazungumzia heshima, tusijifanye tunaokoa matumbawe kwa kubaki nyumbani.

Mtandao nao una sifa zake. Hauhitaji viza, hauhitaji hoteli, na mwanafunzi au mama mwenye mtoto mchanga anaweza kuwasilisha utafiti wake bila kuomba hisani ya mtu. Tatizo ni kwamba miamba imeizunguka dunia nzima. Mada ikianza saa nane mchana Bremen wakati wa kiangazi, Belize ni saa kumi na mbili asubuhi na Fiji ni saa sita usiku. Lazima kuna mtu atakayesinzia, na mara nyingi ni yule wa kisiwani ambaye mwamba unaojadiliwa ni wake.

Na kuna mambo yasiyopita kwenye skrini. Kumbukumbu nyingi za hali ya miamba zimo mikononi mwa taasisi ndogo, zilizokusanywa kwa miaka mingi na watu wachache wenye mitungi ya hewa na kalamu za risasi. Hawazitoi kwa barua pepe ya mtu wasiyemjua, na sioni kwa nini wazitoe, maana wengi wameshuhudia wageni wakija, wakipima, wakiondoka na kuchapisha bila jina la mwenyeji. Imani ya namna hiyo hujengwa kwa kukaa pamoja. Hata siasa inahitaji ukumbi: Honolulu mwaka 2016 viongozi wa visiwa vya Pasifiki, akiwamo Rais Tommy Remengesau wa Palau, walizungumza na wanasayansi uso kwa uso.

Kuhusu mahali, nchi yenye miamba ndiyo chaguo langu, ingawa kumbi zake zinaweza kuwa ndogo na ndege chache. Afrika, yenye miamba kuanzia Bahari ya Shamu hadi Msumbiji, haikuwahi kuwa mwenyeji katika makongamano yote hadi lile la Bremen. Wanaotetea miji mikubwa ya kaskazini husema gharama huko ni nafuu. Nafuu kwa nani? Mtafiti wa kisiwani hulipa nauli ndefu, kisha anasubiri viza inayoweza kukataliwa wiki moja kabla ya safari.

Wengi hukimbilia mkutano mseto, nusu ukumbini na nusu mtandaoni. Mimi siuamini sana. Gharama huwa kama za mikutano miwili, na walio mtandaoni hugeuka watazamaji. Ningependelea vituo vya kikanda vinavyokutana siku zilezile, kila kimoja na ukumbi wake na lugha zake, vikiunganishwa kwa saa chache tu kwa siku, na fedha za ufadhili zianze na wanaotoka nchi zenye miamba.

Tarehe haijadiliwi vya kutosha. Desturi ni mwishoni mwa Juni au Julai, vyuo vya kaskazini vikiwa likizoni. Lakini Julai 2023 kifaa cha kupimia joto la maji kilichoko Manatee Bay, Florida, kilisoma nyuzi 38.4, na watunzaji wa vitalu vya matumbawe walikuwa wakiyahamisha kutoka baharini hadi kwenye matangi ya nchi kavu. Nani kati yao angeacha kazi hiyo akasikilize hotuba? Agosti hadi Oktoba Karibi huwa kwenye hatari kubwa zaidi ya joto. Februari hadi Aprili ni zamu ya nusu ya kusini ya dunia. Novemba inaonekana tulivu, kumbe ndipo matumbawe mengi ya Great Barrier Reef hutaga, usiku chache tu baada ya mwezi mpevu, na maabara zinazoyazalisha hazina nafasi nyingine hadi mwaka unaofuata. Inabaki mwanzo wa Juni. Watu wa Okinawa watalalamika, kwa kuwa kwao utagaji huangukia Mei na Juni, na kamati itabidi iwapangie siku zao za kuzungumza kwa kutazama kalenda ya mwezi.