Mioyo ya Boston, umeme wa Kampala

Mwaka jana niliitwa kituo kimoja cha afya nje ya Kampala kutazama mashine ya kurekodi umeme wa moyo. Ilikuwa ya msaada, imetoka Marekani, na walishaandika kwamba imekufa. Karatasi iliyotoka ilikuwa na mstari mnene wenye meno kama ya msumeno, na pigo la moyo halionekani. "Fundi, tuitupe tu?" musawo, yaani mganga, wa zamu aliniuliza. Nilipoingia kwenye mipangilio nikakuta chujio, ile hesabu ya kuondoa kelele za umeme, limewekwa hezi 60. Umeme wa Marekani huzunguka mara 60 kwa sekunde. Wetu Uganda, mara 50. Mashine ilikuwa ikichuja mvumo wa umeme usiokuwepo na kuuacha uliopo. Nikabadilisha ile namba, mstari ukatulia.

Saa moja baadaye umeme ulikatika, jenereta ikawashwa, na meno yakarudi.

Hapo ndipo nilipoanza kuamini ninachokisema leo: watafiti wetu wa uchakataji wa mawimbi, wanaosafisha na kusoma ishara kama hizi kwa hesabu, warekodi kelele za kwetu kabla ya kuandika chujio lolote. Umeme wa moyo ukifika kwenye ngozi ni kama milivolti 1 tu, na soketi ya ukutani ina volti 240. Nyaya za mashine, kitanda cha chuma, hata mwili wa mgonjwa, vyote vinanasa mvumo wa soketi. Jenereta ndogo nayo haikai kwenye 50: ukiiongezea mzigo inalegea, ukiupunguza inapanda. Chujio jembamba lililokazwa hapo kwenye 50 linapitwa. Ukilipanua, linakula moyo wenyewe, kwa sababu masafa anayoyahitaji daktari huanzia chini ya hezi 1 hadi kama 150, na 50 iko humo humo ndani. Inveta za bei nafuu, zile zinazogeuza umeme wa betri uwe kama wa soketi, ndizo zinazonisumbua zaidi, maana wimbi lake ni la ngazi ngazi na huzaa mivumo mingine juu ya ule wa kwanza.

Dawa yake inajulikana zamani. Mwaka 1975 Bernard Widrow wa Stanford na wenzake walichapisha njia ya chujio linalojirekebisha: unaweka kihisio cha pili kinachosikiliza kelele peke yake, kisha hesabu inajifunza hatua kwa hatua namna ya kuitoa kelele hiyo kwenye wimbi unalolitaka. Kelele ikihama, chujio linaifuata. Miongoni mwa mifano yao ulikuwemo wa kuondoa mvumo wa umeme kwenye kipimo cha moyo, na mwingine wa kutenganisha moyo wa mtoto aliye tumboni na ule wa mama yake.

Lakini nikihudhuria vijana wa mwaka wa mwisho wakiwasilisha miradi yao, karibu wote wamepakua hazina ile ile ya data ya umeme wa moyo iitwayo MIT-BIH: rekodi 48 za nusu saa kila moja, za watu 47, zilizokusanywa Boston kati ya 1975 na 1979. Ni hazina nzuri, nami nimejifunza kwayo. Ila tazama sampuli zake, yaani vipimo vinavyochukuliwa, 360 kwa sekunde. Namba hiyo ilichaguliwa ili iwe rahisi kuchuja hezi 60. Umeme wa Marekani umo ndani ya data tangu siku ya kwanza, na kijana wa Kampala anapata usahihi wa asilimia 99 kwa kelele ambayo hatakutana nayo kazini.

Uwezo tunao. Wanafunzi wa Makerere waliobuni WinSenga, mwaka 2012, walichukua ile pembe ya wakunga ya kusikilizia mtoto tumboni, wakaitia maikrofoni na kuiunganisha na simu. AirQo, ya chuo hicho hicho, inaunda hapa hapa vihisio vya kupima hewa yetu. Walianza na mahali penyewe.

Kwa hiyo nawaomba wahadhiri wa uhandisi wa umeme: muhula mmoja, darasa moja, litoke likarekodi. Jenereta inapopandishwa mzigo. Inveta usiku. Mvua juu ya mabati ya wodi, ambayo hufunika kabisa sauti ya pembe. Mapigo ya wagonjwa pia, kwa ridhaa yao na bila majina.

Mimi nimeanza na jenereta ya kile kituo. Musawo ananipigia simu kila wanapoiwasha, nami nikiwa karibu naenda na kinasa sauti na kipima volti. Rekodi zangu ni chache bado, na ziko wazi kwa mwanafunzi yeyote atakayezihitaji.