Deni la Vidonge Vitatu

Lori langu la ekseli saba haliruhusiwi kuzidi tani 56, na kati ya Dar es Salaam na Tunduma hupimwa kila penye mizani, lakini mimi mwenyewe nilifikisha miaka 49 bila kupimwa na mtu yeyote isipokuwa fundi wa suruali. Siku nilipopimwa presha, mashine ilisoma 168 kwa 104. Daktari alinipunguzia chumvi, akanipiga marufuku supu ya alfajiri, akanipa vidonge vya kutoa maji mwilini nimeze kimoja kila asubuhi, na akasisitiza kwamba nikikosa siku moja nisithubutu kufidia.

Nilikosa siku mbili. Sikusahau, nisidanganye, kidonge kile humlazimisha dereva kusimama kila baada ya muda mfupi, na tajiri, ambaye huliona gari lake kwenye simu popote lilipo, hupiga kuuliza limeharibika nini. Siku ya tatu, tukiwa Morogoro, kichwa kilianza kugonga, nikaingiwa na hofu, na kwa kuwa mimi ni mtu wa kulipa madeni yangu, nikameza vitatu kwa mkupuo na kuvishushia kwa vikombe viwili vya chai ya rangi.

Tuliingia Hifadhi ya Mikumi saa nane mchana, jua likichoma. Barabara kuu hukatiza humo kwa takribani kilomita 50, ina matuta, na hairuhusiwi kushuka garini. Deni lilianza kudaiwa kwenye tuta la kwanza. Kufikia la nne nilikuwa naendesha nikiwa nimeinuka nusu kitini, jasho likinitiririka, nikiongea peke yangu.

"Mzee, humu kuna simba," utingo alinikumbusha, alipoona naangalia kando ya barabara kwa matamanio.

"Simba atasubiri nimalize."

Ndipo kundi la tembo lilipoamua kuvuka. Nilihesabu kumi na mmoja, na wa mwisho, jike lenye umbo la nyumba, alisimama katikati ya lami, akatutazama, kisha akajisaidia kwa raha zake zote na kwa muda ambao mimi niliuchukulia kuwa ni matusi.

Tulipotoka hifadhini, trafiki mwenye tochi alinipungia mkono nisimame. Sijapata kumtii askari kwa furaha kiasi kile. Niliegesha, nikaruka, nikampita mbio kuelekea vichakani huku filimbi ikilia nyuma yangu na utingo akipaza sauti, "Afande, hakimbii faini, anawahi haja!"

Niliporudi, magoti yalikuwa yamelegea na dunia inazunguka. Afande alinishika mkono akanipeleka zahanati, ingawa faini ya shilingi 30,000 hakuifuta.

Muuguzi alinipima: 92 kwa 58. Alikoroga pakiti ya dawa ya chumvi na sukari katika lita moja ya maji, akaniamuru ninywe yote taratibu na nisiguse usukani hadi kesho.

"Lakini dada, mimi nimekatazwa chumvi."

"Na vidonge vitatu, baba, ulikatazwa au uliruhusiwa?"

Nikanywa. Jioni mke wangu alipiga simu, kama afanyavyo kila siku, kuuliza kama nimepima presha.

"Nimepima. Imeshuka."

"Alhamdulillahi!" alisema, akaanza kuwaita watoto waje wasikie, nami nikaona si vizuri kumkatiza.