Video za mazoezi ya nyumbani: chukua ile inayoonekana ya kivivu

Jamani wa Dodoma wenzangu mnaotaka kuanza mazoezi ya nyumbani, hebu tuongee kuhusu hizi video. Mtu akiamua kuanza anaingia YouTube anaandika "kupunguza kitambi", inamjia video ya dada tumbo flati anaahidi siku saba tu kitambi kwisha, basi anadaunilodi hiyohiyo. Mi nasema achana nayo. Mafuta ya tumbo hayaondoki kwa kulitesa tumbo peke yake, mwili unayatoa unakotaka wenyewe. Halafu hizo video nyingi ni kuruka tu tangu dakika ya kwanza, sasa we umekaa kwenye kiti ofisini Mtumba kutwa nzima, ukirudi unaanza kuruka kama chura, kesho yake hata kushuka daladala ni shughuli.

Ya kuanzia ni ile ambayo muda wote mguu mmoja uko chini. Unatembea palepale, hatua kulia hatua kushoto, goti juu, mikono inarushwa. Inaonekana ya kivivu kweli, ila ipeleke dakika ishirini bila kusimama uone jasho. Kipimo ni rahisi: uweze kuongea lakini kuimba ushindwe. Mtu akipiga hodi ukashindwa hata kusema karibu, punguza kasi. (Wenye presha, sukari, wajawazito, ongeeni na daktari kwanza, hapo sina utani.)

Kabla hujamaliza bando, ikague. Sogeza mpaka mwanzo: kama hakuna dakika kadhaa za kupasha mwili taratibu, pita. Sogeza mpaka mwisho: kama wanamalizia kwa kasi halafu "bai" bila kupoza mwili, pita. Na angalia kamera, maana kuna watu wanapenda kuonyesha sura ya mwalimu wakati we unatafuta miguu yake iko wapi, hiyo inaudhi sana. Mwalimu mzuri anataja hatua inayofuata kabla hajaibadilisha, na pembeni kuna mtu anafanya ile nyepesi. Ukiipenda daunilodi mara moja, cha msingi miguu ionekane, si lazima picha iwe ya hali ya juu.

Urefu usikutishe. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, na mwongozo wao wa 2020 unahesabu hata vipande vifupi, kwa hiyo video ya dakika kumi asubuhi na nyingine jioni poa tu.

Kwa sisi wapangaji wa Kisasa, Ilazo na kwingineko hizi za kutoruka zina faida nyingine, haumpigii jirani kelele. Ila vaa raba, tailizi zikiwa na vumbi, na vumbi la huku mnalijua, zinateleza balaa, piga deki kwanza.

Hatua zikishakukaa kichwani zima sauti ya video uweke muziki wako. Bongo Fleva ya wastani inaenda vizuri, hata ngoma ya muheme ya akina mama wa Kigogo mi naichezea kabisa. Singeli hapana kwanza, ile mwili utaifuata mpaka ukae chini.