Msikiti-Kanisa Kuu la Córdoba: Nani Mwenye Sauti?

Miongoni mwa majengo ya kale ya mkoa wa Córdoba, kusini mwa Hispania, hakuna linalobishaniwa kama lile ambalo mtawala Mwislamu Abd al-Rahman I alilianzisha kuwa msikiti mkuu katika miaka ya 780, warithi wake wakalipanua kwa karne mbili, na Mfalme Mkristo Ferdinand III akaligeuza kanisa kuu alipouteka mji mwaka 1236. Mabishano ya sasa yanatokana na hatua ya mwaka 2006, ambapo Jimbo Katoliki la Córdoba lililisajili kwa jina la Kanisa, kwa ada ya takriban euro 30, kwa kutumia utaratibu uliotosheka na uthibitisho wa askofu bila hati ya awali ya umiliki. Utaratibu huo ulifutwa mwaka 2015.

Hoja ya Kanisa ina uzito. Ibada ya Kikatoliki imeendelea humo kwa karibu karne nane, na kwa maelezo yake usajili ulithibitisha tu haki iliyokuwepo. Tena, kutumiwa ndiko kulikoliokoa jengo lenyewe. Nje kidogo ya mji ipo Medina Azahara, makao ya kifalme yaliyoanza kujengwa na Abd al-Rahman III karibu na mwaka 936. Yalipoporwa mwanzoni mwa karne ya 11 yakabaki bila mwenyewe, na vizazi vilivyofuata vikachota mawe yake kujengea kwingine. Lakini ndani ya kanisa kuu, mihrabu ya khalifa al-Hakam II, pamoja na mosaiki zake za dhahabu, ingali inatazamika, na kwa hilo makasisi wanastahili shukrani ya kweli.

Lakini wananchi wanaopinga usajili nao wana historia upande wao. Mwaka 1523, makasisi walipoazimia kubomoa sehemu ya katikati ili wajenge kanisa jipya ndani ya safu za nguzo, halmashauri ya mji iliwapinga vikali, hadi Mfalme Carlos V alipowapa makasisi ruhusa. Wakazi, Wakristo wenyewe, walikwisha kuliona jengo hilo kuwa lao pia. Tangu mwaka 1882 ni jengo la kumbukumbu la taifa, na mwaka 1984 UNESCO ililiingiza katika urithi wa dunia. Ni vigumu kukubali kwamba mali ya namna hiyo iamuliwe na taasisi moja.

Kuhusu ombi la Waislamu wa Hispania la kuruhusiwa kuswali humo, ambalo Kanisa limelikataa, naona ibada ya pamoja haiwezi kulazimishwa na mahakama, ingawa kukataa huko kunaniuma. Kuhusu usimamizi, naegemea upande wa wananchi bila kusita. Moto wa Agosti 2025, ulioangusha paa la kanisa dogo la pembeni kabla ya kudhibitiwa, umeonyesha jinsi hasara ingeweza kuwa kubwa. Makasisi waendelee na ibada zao, ila mapato ya viingilio, ukarabati na ukaguzi wa usalama visimamiwe na bodi ambayo halmashauri ya mji na serikali ya jimbo la Andalusia, ambamo Córdoba imo, zina kura ndani yake.