Namba C Imekukosea Nini?

Jumamosi iliyopita nimeacha usingizi wangu, nikampitia mpwa wangu Tabata saa moja asubuhi tukaangalie gari. Dogo ana milioni nane. Siyo nane na nusu, nane kamili, amezikusanya kwa mchezo wa kuchangishana na wenzake kazini na kwa kujinyima mpaka anatia huruma, na maelezo aliyonipa kwenye simu yalininyoosha roho: "Anko nataka gari ya kunifurahisha, ila imbebe mama akienda kliniki na isinimalize kwenye mafuta." Nikasema huyu kweli damu ya kwetu.

Tukaanzia Segerea kwa mzee mmoja mstaafu. Anauza Vitz RS, ile ya zamani ya duara, injini 1.5, gia za mkono, milioni sita na nusu na maongezi yapo. Nimegusa boneti, baridi kama mtungi. Ikawashwa mara moja, ikatulia, moshi hamna. Ndani kwenye kale kasanduku ka mbele mzee ana daftari la shule, kila alipobadilisha oil kaandika tarehe na kilomita kwa kalamu ya bluu, mpaka siku aliyobadilisha plagi. Jamani, daftari! Mimi nimeoa nina miaka kumi na mbili na sina kumbukumbu za namna hiyo za ndoa yangu. Tumezunguka nayo mpaka Kinyerezi na kurudi, haigongi mbele, klachi laini, gia zinaingia zenyewe. Nilikuwa tayari nishaanza kumpangia dogo safari.

Dogo akazunguka nyuma, akaangalia kibao cha namba, akanivuta pembeni karibu na banda la kuku akaninong'oneza: "Anko, namba C? Wataniona vipi kazini?"

Namba C. Wataniona vipi.

Sasa nisikilizeni, maana hili jambo limenikaa kooni wiki nzima. Hivi ni nani alitufundisha kwamba herufi ya kwanza ya ule mkia wa namba, zile herufi tatu za mwisho zinazopanda kwa alfabeti, ndiyo afya ya gari? Ile herufi inakwambia kitu kimoja tu, gari ilisajiliwa Bongo mapema au juzi juzi. Basi. Haikwambii ilitengenezwa lini. Toyota IST ya 2003 iliyoshushwa zamani ina namba C, na IST ya 2003 hiyo hiyo, pengine zilitoka kiwandani wiki moja, imezeeka kwa watu huko Japani ndio ikaletwa, ina namba D, na sasa hivi zipo za umri huo zinatembea na namba E na mwenyewe anaingia nayo ofisini kifua mbele kama kanunua gari mpya. Umri ni ule ule kaka. Soma kadi, mwaka wa kutengenezwa umeandikwa pale, wala haujafichwa.

Najua mtaniambia namba D imekula mashimo yetu kwa miaka michache kuliko namba C. Sawa, hapo nawapa, kidogo. Barabara za Goba na Mbezi ndani ndani zinaua bushi na boli joint za miguu ya gari, hilo silikatai. Lakini mashimo mangapi? Ya nani? Mzee wa Segerea gari yake ilikuwa inaenda sokoni na kanisani. Ile namba D mnayoililia inawezekana imefanya taxi ya mtandaoni usiku na mchana, dereva wa mchana anampokea wa usiku, injini haipoi, oil inabadilishwa siku mwenye gari akikumbuka, halafu ikichoka inapelekwa ikapigwe rangi, inafungwa cover mpya za viti, dalali anaandika "gari kali haidai kitu, AC kipupwe, kwanza kuona kwanza kununua". Na wewe unaona herufi D unatoa milioni tatu za ziada. Milioni tatu kwa herufi! Alfabeti tumefundishwa bure darasa la kwanza, leo watu wanainunua moja moja.

Na msiniambie basi aagize mwenyewe. Kwa milioni nane? Piga hesabu na mimi. Ushuru wa forodha 25%. Ushuru wa bidhaa, chini ya cc 1000 hamna, 1000 mpaka 2000 ni 5%, juu ya hapo 10%. Gari ikizidi miaka kumi kuna ushuru wa uchakavu 30%. Juu ya yote hayo VAT 18%. Vikipandiana hivyo gari ya zamani ya 1.5 inakaribia mara mbili ya thamani yake kabla hujalipa bandari wala wakala, na thamani yenyewe usidhani ni ile uliyolipa wewe, TRA, watu wa kodi, wana bei zao kwenye mfumo. Kwa hiyo mwenye milioni nane ananunua gari iliyokwisha kutumika hapa hapa, na ukishakubali hilo, unachonunua kusema kweli ni mwenye gari aliyepita. Siyo gari. Yule aliyekutangulia.

Turudi kwenye raha, maana dogo alisema raha na mimi nililichukulia kwa uzito. Watu wakisikia gari ya raha wanawaza silinda sita. Nimepita huko. Miaka ile kabla sijapata watoto nilinunua gari moja kubwa ya kifahari ya 2.5, sitaitaja jina wenye nazo wasije wakanipiga mawe, kwa bei ambayo ilitakiwa inishtue badala ya kunifurahisha. Ngozi ndani, ukimya, unahisi wewe ni naibu waziri. Mwezi wa kwanza raha. Mwezi wa pili naweka mafuta ya elfu kumi mshale hausogei hata kwa heshima tu. Mwezi wa nne fundi ananiambia pampu ya mafuta ya presha kubwa imekufa, akataja bei nikacheka, nikajua anatania, na yeye akawa ananiangalia tu. Nikaipaki nyuma ya nyumba, kuku wakataga chini yake, nikapanda daladala miezi saba nina gari nyumbani. Kile kipindi sisahau. Gari ya silinda sita kuwa rahisi kuinunua wala siyo bahati, mwenzako anakimbia.

Na nguvu zote zile unazipeleka wapi Dar? Kwenye makazi mwendo ni 50. Ukitoka Kimara kuitafuta Kibaha tochi za trafiki za kupima mwendo zinakusubiri kama ndugu wa mke. Bagamoyo Road jioni unasogea kwa kudra za Mungu. Halafu tangu 2017 rodi laisensi, ile ada ya gari ya kila mwaka, walipoifuta, tozo yake ikahamia kwenye lita ya mafuta, shilingi 40 iliongezwa pale pale, kwa hiyo injini inayokunywa sana inakulipisha na barabara zaidi. Mnasubiri Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, wasimamizi wa nishati, watangaze bei mpya ya mafuta huku mmepaki silinda sita, poleni.

Raha ya gari kwenye mji huu iko kwenye wepesi. Gari ndogo haifiki hata tani moja na nusu, gia ziko mkononi mwako, unaisikia injini inapanda unaamua wewe mwenyewe sasa tatu, sasa nne. Jumapili alfajiri toka Gongo la Mboto, shika Pugu panda ile milima kuelekea Kisarawe, msitu pande zote, kona zinafuatana, unashusha mpaka gia ya tatu kabla ya kona unatoka nayo, na uko kwenye 60 tu jamani, hujavunja sheria ya mtu, lakini unacheka peke yako kama chizi. Mimi na RunX yangu ya 1.5 ya gia za mkono nafanya hivyo mara moja kwa mwezi, nikifika Kisarawe nakunywa chai na chapati, narudi. Mama watoto anaamini naenda kuangalia kiwanja.

Na hiyo hiyo siku ya kazi inafanya kazi. Mwaka jana tumetoka Kiwangwa na mananasi, viti vya nyuma nimelaza upande mmoja, upande wa pili kakaa mama mkwe na jogoo mapajani, AC inapuliza, hakuna aliyelalamika ila jogoo.

Haya, foleni. Najua mlikuwa mnaisubiri. Mwenge mpaka Tegeta saa kumi na moja jioni na klachi, mguu wa kushoto unaomba talaka, nakubali, nakubali kwa shingo upande. Kama kila siku unaingia katikati ya mji na kutoka, chukua otomatiki, sitakudharau. Sana. Lakini faida moja ya gia za mkono hamuisemi: wanunuzi ni wachache, kwa hiyo bei inashuka, na jirani haombi gari yako kwa sababu hawezi kuiendesha. Hilo tu lina thamani ya laki tano.

IST nayo, kabla hamjanirukia. Siyo gari mbaya. Ni gari nzuri, imeinuka kidogo, spea kila kona, ukiiuza leo kesho imeondoka. Lakini hiyo injini ya 1.5 mnayoisifia ndiyo hiyo hiyo 1NZ iliyopo kwenye Vitz RS, kwenye RunX na Allex za 1.5, kwenye Raum ya toleo la pili, mpaka Probox ya kubebea mikate. Ukienda Gerezani kutafuta spea ya injini yule kijana wa dukani haulizi umekuja na gari gani, anauliza injini gani. Kwa hiyo usinitishe na spea. Unalipia umaarufu.

Honda Fit ina nafasi ya ajabu, viti vinalala mpaka sakafuni, ila ukipata yenye CVT, ile otomatiki isiyo na hatua za gia, heshimu mafuta yake, fundi akikuwekea yale ya giaboksi ya kawaida umeshamzika mgonjwa. Swift inakula kona vizuri kuliko zote hizi, spea utatembea. Passo sina neno baya, na neno zuri pia sina. Rangi chagua utakayo.

Kitu kimoja tu nitakaza: fundi wa kukagua asitoke kwa dalali. Huyo anakula kote kote. Tafuta wako, mlipe elfu hamsini yako, mfike bila kupiga simu ya "tuko njiani", maana hiyo simu ndiyo inawasha injini ipate moto ifiche kelele zake. Nyanyua kapeti, ukikuta udongo mkavu mkavu chini na reli za viti zina kutu, hiyo gari imeogelea mafuriko ya Jangwani, ondoka kwa salamu. Linganisha namba ya chesesi na kadi. Ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa trafiki uone madeni.

Dogo hakuingiza. Alinunua IST namba D kwa milioni tisa na laki tatu, ile moja na laki tatu kaikopa, rangi inang'aa kama sahani ya harusi. Juzi kapigwa mkono Tazara, askari kaangalia kwenye mashine, gari ina faini nane za mwenye gari wa zamani, na kadi bado haijabadilishwa jina. Kanipigia simu analia lia. Nikamwambia pole mjomba, lakini namba si D? Akakata.

Jana usiku nikampigia yule mzee wa Segerea. Gari ipo bado, ila sasa anataka milioni sita na laki saba kwa sababu ameweka tairi mbili mpya za mbele, na kwenye daftari kaandika. Nimemwambia Jumapili asubuhi nitapita nikitokea Kisarawe, kuangalia kiwanja.